Waamuzi wa Sacre: Historia ya Kupima Rekodi za Muziki wa Bale wa Stravinsky na Watunzi wa Zama Zake

Muziki wa okestra ulioandikwa kwa ajili ya bale mwanzoni mwa karne ya 20 umewafikia wasikilizaji wengi zaidi kupitia santuri kuliko kupitia jukwaa, na hali hiyo imezaa kazi ya pekee, nayo ni kazi ya mhakiki anayeziweka pamoja rekodi kadhaa za utunzi mmoja na kuamua ipi inastahili kununuliwa, ipi inastahili kuheshimiwa tu, na ipi iachwe. Bale, yaani onyesho linalosimulia kisa kwa miili inayocheza na muziki unaopigwa bila mazungumzo, ilikuwa na mabwana wengi: mtunzi wa dansi, mchoraji wa mapazia na mavazi, wachezaji wenyewe, na mtunzi wa muziki ambaye mara nyingi alikuwa amekwisha kupewa mpangilio wa matukio kabla hajaandika nota ya kwanza. Santuri iliwaondoa wote hao isipokuwa huyo wa mwisho. Anayehukumu rekodi ya muziki wa namna hii anahukumu kipande cha kitu kilichokuwa kizima, na historia ya hukumu hizo kwa sehemu kubwa ni historia ya kutafuta kipimo cha kushika nafasi ya vile vilivyobaki jukwaani.

Kundi lililoagiza sehemu kubwa ya muziki huo lilikuwa Ballets Russes, lililoongozwa na Mrusi Sergei Diaghilev na kuanza maonyesho yake mjini Paris mwaka 1909. Kwa maagizo yake Igor Stravinsky aliandika L'Oiseau de feu (1910), kisa cha ndege wa moto, na Petrushka (1911), kisa cha mwanasesere anayepatwa na mapenzi na wivu kama binadamu; Maurice Ravel akaandika Daphnis et Chloé (1912); Claude Debussy akaandika Jeux, iliyoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 15 Mei 1913; na wiki mbili baadaye, tarehe 29 Mei, katika ukumbi uleule wa Théâtre des Champs-Élysées, ikaonyeshwa Le Sacre du printemps ya Stravinsky, ibada ya majira ya kuchipua, ambamo watu wa Urusi ya kale wanamteua msichana acheze mpaka afe ili ardhi irudishiwe uhai. Dansi ilitungwa na Vaslav Nijinsky, mapazia na mavazi yalibuniwa na Nicholas Roerich, na okestra iliongozwa na Pierre Monteux, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 38. Ghasia za watazamaji wa usiku ule zimesimuliwa mno, kiasi cha kulifunika jambo lenye uzito zaidi kwa mada hii: dansi ya Nijinsky ilichezwa mara chache tu, Paris na London, kisha ikaachwa, ilhali muziki ulirudi Paris mwezi Aprili 1914 katika tamasha lisilo na dansi, Monteux akiongoza tena, na safari hii mtunzi alibebwa mabegani na mashabiki. Diaghilev alipoirudisha Sacre jukwaani mwaka 1920 ilibidi Léonide Massine aitungie dansi mpya, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imekwisha kusahauliwa na wachezaji. Muziki, kwa hiyo, uliishi na dansi yake ya asili kwa miezi michache tu.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo hapakuwa na njia ya kuurekodi. Kabla ya mwaka 1925 santuri zilitengenezwa bila umeme, kwa wapigaji kubanana mbele ya pembe kubwa ya bati iliyokusanya sauti na kuipeleka kwenye sindano ya kuchora, na pembe hiyo ilizisikia fidla kwa shida na ngoma kubwa kwa shida zaidi. Thomas Beecham alirekodi vipande vya L'Oiseau de feu kwa njia hiyo mwaka 1916, na Eugene Goossens akafuata na Petrushka katika miaka ya 1920, lakini Sacre ilikuwa jambo lingine kabisa, kwa kuwa inataka kila ukoo wa vyombo vya kupuliza vya mbao uwe na wapigaji watano, pamoja na baragumu nane, tarumbeta tano na safu nzima ya ngoma, idadi ambayo isingeweza kusogezwa mbele ya pembe moja. Kurekodi kwa maikrofoni, kulikoanza mwaka 1925, kulifungua mlango huo, na ulipofunguka waliingia watu wawili kwa mpigo.

Mwezi Januari 1929 Monteux aliirekodi Sacre mjini Paris kwa ajili ya tawi la Ufaransa la kampuni ya Gramophone, na mwezi Mei mwaka huohuo Stravinsky mwenyewe akairekodi katika mji uleule, kwa ajili ya kampuni ya Columbia, akiiongoza okestra ya Walther Straram. Nchini Marekani Leopold Stokowski na Philadelphia Orchestra walifuata muda mfupi baadaye. Upande mmoja wa santuri za wakati huo, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua muziki wa dakika nne au zaidi kidogo, na hivyo utunzi unaokaribia dakika 33 ulilazimika kukatwa vipande visivyopungua vinane, huku kila kipande kikirekodiwa peke yake na msikilizaji akiinuka kugeuza santuri katikati ya ibada. Kizuizi hicho hakikuwa cha Ulaya peke yake. Kampuni hiyohiyo ya Gramophone ilikuwa imemrekodi Siti binti Saad na wenzake huko Bombay mwaka 1928, na taarabu ya Zanzibar, ambayo barazani ilijiendea bila kuangalia saa, ilibanwa nayo ndani ya dakika chache za upande mmoja. Anayesikiliza rekodi za zama hizo na kulalamika kwamba mwendo una haraka anapaswa kwanza kujiuliza kama haraka ile ni ya mwanamuziki au ni ya santuri.

Rekodi mbili za Paris ziliweka mezani swali ambalo halijatoka hadi leo, nalo ni swali la ushahidi: aaminiwe nani, mtu aliyekuwapo au mtu aliyetunga? Monteux alikuwa ndiye aliyewafundisha wapigaji muziki huo kabla haujasikika popote, ndiye aliyeendelea kuongoza usiku ule ukumbi ulipolipuka, na mwendo aliouzoea ulikuwa mwendo ambao miguu ya wachezaji iliwahi kuukanyaga. Rekodi yake ya 1929 imejaa kasoro za upigaji, kwa kuwa wapigaji wanapotezana katika vifungu vigumu na baadhi ya maingilio yanakuja kwa kubahatisha, lakini ina msukumo wa mtu anayejua tukio linalofuata jukwaani. Stravinsky, kwa upande wake, alikuwa bado mgeni katika kuongoza okestra, akasaidiwa na wapigaji wa Straram waliozoea muziki mpya, na akatoa rekodi kavu, iliyosimama wima zaidi, isiyotafuta huruma. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka katikati ya miaka ya 1930 alizieleza rekodi zake kuwa ni hati za kuwaongoza wapigaji wote watakaokuja, na katika mihadhara yake ya Chuo Kikuu cha Harvard ya 1939 na 1940 akapiga hatua zaidi kwa kumtofautisha mtekelezaji, anayefanya kilichoandikwa, na mfasiri, anayeongeza ya kwake. Huyo wa pili hakumpenda. Kwa maneno hayo mtunzi alikuwa akiwaandalia wahakiki kipimo, na wengi walikipokea bila kukikagua.

Kipimo chenyewe kilikuwa na nyufa. Mtunzi aliirekodi Sacre tena mwaka 1940 akiwa na New York Philharmonic, na mara ya tatu mwaka 1960 akiwa na Columbia Symphony Orchestra, jina lililotumiwa kwa wapigaji waliokusanywa kwa ajili ya studio, na rekodi hizo tatu hazikubaliani katika mwendo, katika uzito wa midundo, wala katika nota zenyewe. Kitabu cha nota za okestra kilichapishwa mwaka 1921, miaka minane baada ya onyesho la kwanza. Kikarekebishwa katika miaka ya 1920, ambapo mipaka ya hatua za mapigo katika baadhi ya vifungu ilipangwa upya. Dansi ya mwisho, Danse sacrale, ikaandikwa upya mwaka 1943 kwa nota zenye thamani iliyozidishwa mara mbili ili isomeke kwa urahisi. Kisha kukawa na chapa ya 1947 na ya 1967. Sababu hazikuwa za kisanaa tu. Kazi alizotunga Stravinsky alipokuwa raia wa Urusi hazikuwa na ulinzi wa hakimiliki nchini Marekani, alikohamia mwaka 1939 na kupata uraia mwaka 1945, na utunzi uliorekebishwa ungeweza kusajiliwa na kulipiwa. Petrushka ya 1947, yenye okestra ndogo kuliko ile ya 1911, imetokana na mchanganyiko huohuo wa sikio na mfuko. Mhakiki anayesema kwamba mwongozaji fulani amekiuka nota anatakiwa ataje ni nota za mwaka gani, na wahakiki wengi wa zamani hawakutaja.

Wakati huohuo vyombo vya kutolea hukumu vilikuwa vikijengeka. Jarida la The Gramophone lilianzishwa London mwaka 1923 na mwandishi Compton Mackenzie; mwaka 1951 Edward Sackville-West na Desmond Shawe-Taylor walitoa kitabu kinene cha kumwongoza mnunuzi wa santuri, kilichoweka alama za nyota kando ya rekodi zilizopendekezwa; kuanzia 1957 redio ya BBC ikawa na kipindi chake cha uhakiki wa rekodi, ambamo mhakiki hupitisha rekodi nyingi za utunzi mmoja kifungu kwa kifungu mpaka abaki na moja; na redio ya Ufaransa ilikuwa na baraza lake la wahakiki lililobishana hewani mbele ya wasikilizaji. Vitabu vya Penguin vya kuanzia miaka ya 1970 viliukamilisha utaratibu huo kwa kutoa hadi nyota tatu, na ua kwa rekodi chache zilizowagusa waandishi kwa namna ya pekee.

Utaratibu wa kulinganisha kifungu kwa kifungu una faida iliyo wazi, kwa sababu unamzuia mhakiki asijifiche nyuma ya sifa za jumla, lakini una upendeleo wake. Kifungu cha sekunde 40 kinatoa ushindi kwa rekodi yenye ngoma ya kishindo, kwa mwendo uliozidi kidogo, kwa sauti iliyo karibu na sikio. Hakiwezi kuonyesha jinsi mwongozaji anavyoujenga utunzi wa nusu saa hadi mwisho wake. Sacre, yenye vishindo vingi vinavyokatika vizuri, ni windo jepesi kwa utaratibu huo. Si ajabu kwamba tangu santuri za mizunguko 33 zilipoingia sokoni mwaka 1948, na sauti ya stirio ilipofuata miaka kumi baadaye, utunzi huu uligeuka kuwa wa kujaribia mitambo, na fundi wa kurekodi akaingia katika orodha ya watu wanaohukumiwa. Kampuni ya Mercury ilijijengea jina kwa kutumia maikrofoni chache mno, moja katika rekodi za mono na tatu katika zile za stirio, bila fundi kuingilia kati nguvu za sauti mara okestra inapoanza. L'Oiseau de feu iliyorekodiwa kwa njia hiyo mwaka 1959 na Antal Dorati pamoja na London Symphony Orchestra, katika ukumbi wa Watford nje kidogo ya London, imesifiwa kwa zaidi ya nusu karne na watu ambao baadhi yao huzungumzia zaidi maikrofoni kuliko muziki. Kinachosahauliwa ni kwamba Dorati alikuwa ametumikia makundi ya bale katika miaka ya 1930 na kujua mwenyewe mchezaji anahitaji muda gani kuruka na kutua, na ujuzi huo unasikika katika rekodi ile kama vile ufundi wa Mercury unavyosikika.

Jambo hilohilo lilimpata Ernest Ansermet, Mswisi aliyesomea hisabati kabla ya kuwa mwongozaji, aliyejiunga na Ballets Russes mwaka 1915, aliyeongoza Sacre ya Massine mwaka 1920, na aliyeongoza mjini London mwaka 1919 onyesho la kwanza la bale ya Manuel de Falla juu ya kofia ya pembe tatu. Okestra yake ya Suisse Romande, aliyoianzisha Geneva mwaka 1918, iliirekodia Decca karibu kila kitu cha zama zile, na kwa miaka mingi santuri hizo ziliuzwa kwa sifa ya sauti nzuri ya ukumbi wa Victoria Hall. Wahakiki waliofuata, waliokwisha kuzoea usafi wa upigaji wa okestra za Chicago na Cleveland, walizishusha daraja kwa sababu ya fidla nyembamba na maingilio yasiyopatana. Hukumu hiyo ina ukweli, lakini ilitolewa kwa kipimo ambacho kilikuwa kimetengenezwa na utepe wa sumaku, ambao kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 uliruhusu vipande bora vya majaribio kadhaa vikatwe na kuunganishwa hadi likapatikana pigo lisilo na doa ambalo hakuna okestra iliyolipiga kwa mkupuo mmoja. Usafi huo wa kuunganishwa ndio uliogeuka kuwa desturi, na desturi ikarudi kuwahukumu wazee.

Mwaka 1964 mtunzi mwenyewe aliingia katika kazi ya uhakiki. Katika jarida la Marekani zilichapishwa tathmini zake za rekodi tatu za Sacre zilizotoka karibu wakati mmoja: ya Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic, ya Pierre Boulez na okestra ya taifa ya redio ya Ufaransa, na ya Robert Craft, msaidizi wake wa karibu, aliyeiongoza okestra ya Moscow mwaka 1962, mwaka ambao Stravinsky alikanyaga tena ardhi ya Urusi baada ya nusu karne. Hakuridhika na hata mmoja kikamilifu, na Karajan ndiye aliyepata pigo kubwa, kwa kuwa mtunzi aliona upigaji wake umeng'arishwa kupita kiasi, ukamfanya yule mshenzi wa kale afanane na mnyama aliyefugwa ndani ya nyumba. Tathmini zile zina kejeli tamu na zinasomeka vizuri hadi leo, lakini kuzichukua kama sheria ni hatari, kwa kuwa maandishi ya Stravinsky ya miaka hiyo yaliandaliwa pamoja na Craft, ambaye rekodi yake ilikuwa miongoni mwa hizo tatu. Karajan aliirekodi Sacre tena katika miaka ya 1970. Boulez aliirekodi tena mwaka 1969 akiwa na Cleveland Orchestra, na rekodi hiyo ikawa kigezo kwa kizazi kizima: kila sauti inasikika mahali pake, mapigo yanahesabika, na hakuna mahali ambapo okestra inaachiliwa ijiendee. Boulez alikuwa ameuchambua mpangilio wa midundo ya Sacre katika makala ndefu aliyoiandika mwanzoni mwa miaka ya 1950, na msikilizaji makini anaweza kuona kwamba rekodi yake ni uchambuzi ule uliopewa sauti.

Vifungu viwili vinatosha kuonyesha waamuzi wamekuwa wakibishana juu ya nini. Utunzi unaanza na basuni, chombo cha kupuliza chenye sauti nene, kikipiga peke yake wimbo uliochukuliwa katika mkusanyiko wa nyimbo za jadi za Lithuania, lakini kikiupiga juu kabisa ya uwezo wake wa kawaida, mahali ambapo mwaka 1913 kilisikika kama chombo kisichojulikana. Basuni ya Kifaransa iliyotumiwa Paris wakati huo ina tundu jembamba na sauti ya puani, inayokaribia ya zumari, na hupanda huko juu kwa namna yake. Basuni ya Kijerumani, ambayo imetawala okestra nyingi za dunia baadaye, ina sauti ya mviringo zaidi, na wapigaji wa leo, waliofundishwa kifungu hicho tangu chuoni, hukipiga kama wanaojinyoosha asubuhi. Je, mhakiki asifu ulaini huo au aulize ule wasiwasi wa asili umekwenda wapi? Rekodi za 1929, pamoja na kelele zote za sindano, zinamjibu kwa upande mmoja: sauti ile ilikuwa ya ajabu, na haikuwa nyepesi.

Kifungu cha pili kimo katika sehemu ya pili ya utunzi, msichana anapokwisha kuteuliwa. Kabla ya dansi ya kumtukuza inakuja hatua moja yenye mapigo 11, yanayopigwa kwa nguvu na vyombo vya nyuzi pamoja na ngoma, bila wimbo wowote. Kwenye karatasi mapigo hayo ni sawasawa yote. Katika rekodi huwa hayafanani: waongozaji wengine huanza taratibu na kuongeza kasi, wengine hulipa pigo la mwisho uzito wa ziada kama mlango unaogongwa, na wengine huyapiga yote 11 kama mashine, kwa imani kwamba ukatili wa tukio umo katika kutojali huko. Msikilizaji anayeketi hawezi kuamua nani ana haki kwa sikio tu. Mchezaji angeweza, kwa kuwa anajua kama mapigo hayo ni ya kukanyaga, ya kuzunguka au ya kusimama.

Mwaka 1999 mtaalamu wa muziki Robert Fink alichapisha utafiti uliotikisa imani kwamba Sacre tangu kuzaliwa kwake ilidai mwendo usiotetereka. Kwa kuzipima rekodi za zamani na kuzilinganisha na alama za mwendo zilizoandikwa, hasa katika Danse sacrale, ambako metronomi, kifaa cha kupimia mwendo, imewekwa kwenye mapigo 126 kwa dakika, alionyesha kwamba waongozaji wa mwanzo waliuvuta na kuulegeza mwendo kwa uhuru mkubwa, na kwamba ule ukakamavu uliodhaniwa kuwa sauti ya 1913 ulijengeka baadaye, kwa msaada wa maneno ya mtunzi na wa santuri zilizoigana. Kwa hoja hiyo Monteux wa 1929 alipanda tena cheo. Miaka kumi kabla ya Fink, Benjamin Zander alikuwa amejaribu njia nyingine, akiiongoza Boston Philharmonic kwa mwendo uliotolewa katika roli za pianola, yaani piano inayojipiga yenyewe kwa karatasi yenye matundu, ambazo kampuni ya Pleyel ya Paris ilizitoa katika miaka ya 1920 chini ya uangalizi wa Stravinsky. Dansi ya mwisho ilitoka kwa kasi ya kutisha. Ushahidi huo unahitaji tahadhari, kwa kuwa matundu ya roli zile yalitobolewa kwa kufuata nota na hayakutokana na mikono ya mtu aliyeketi kwenye piano, na karatasi haina mapafu ya kupumua wala midomo ya kuchoka.

Mwaka 2013, karne moja baada ya onyesho la kwanza, François-Xavier Roth na okestra yake ya Les Siècles waliipiga na kuirekodi Sacre kwa vyombo vya Kifaransa vya mwanzoni mwa karne ya 20, nyuzi za utumbo kwenye fidla, tromboni nyembamba na basuni za Kifaransa, wakifuata nota zilizorejeshwa karibu iwezekanavyo na zile za 1913. Matokeo yake ni mepesi zaidi kuliko ilivyotarajiwa: vyombo vya shaba havizifuniki tena filimbi, na ukali unatoka katika tofauti za rangi za sauti badala ya wingi wa sauti. Kwa kipimo cha sauti ile ya zamani, rekodi hii inazitangulia nyingi zinazosifiwa. Ila hata hapa okestra imekaa peke yake. Dansi ya Nijinsky ilikuwa imekwisha kurejeshwa mwaka 1987 na kundi la Joffrey Ballet, kwa kazi ya miaka mingi ya Millicent Hodson na Kenneth Archer waliokusanya michoro, maelezo ya mashahidi na maandishi ya pembeni ya kurasa za nota, na kwa mara ya kwanza mhakiki wa rekodi alipata mahali pa kuuliza kama mwendo fulani unachezeka. Ni wachache waliouliza. Kurasa za uhakiki ziliendelea kulinganisha ngoma na ngoma.

Daphnis et Chloé imehukumiwa kwa utulivu zaidi, pengine kwa sababu kwa miaka mingi ilisikika kwa vipande, hasa ile sehemu inayoanza na mapambazuko, na mara nyingi bila kwaya yake inayoimba bila maneno. Rekodi kamili ya Charles Munch na Boston Symphony Orchestra ya mwaka 1955, na ile ya Monteux na London Symphony Orchestra ya 1959, zimekaa juu ya orodha tangu zilipotoka, na Monteux, ambaye ndiye aliyeiongoza kwa mara ya kwanza mwaka 1912, alikuwa na umri wa miaka 84 alipoirekodi. Hakuna aliyehitaji kubishana sana.

Jeux ndiyo inayoonyesha jinsi hukumu inavyokuwa pale mashahidi wote wanapokosekana. Iliongozwa na Monteux yuleyule, ikatungiwa dansi na Nijinsky yuleyule, ikaonyeshwa katika ukumbi uleule siku 14 kabla ya Sacre, kisha kishindo cha Sacre kikaifunika. Debussy alifariki mwezi Machi 1918 bila kuacha rekodi yake. Dansi ilipotea. Kisa chenyewe, cha kijana na wasichana wawili wanaotafuta mpira wa tenisi jioni bustanini, hakikumvutia mtu, na muziki unaobadili mwendo kila mara, usiorudia wimbo wake kwa namna inayokaa kichwani, uliwatatiza waliozoea L'Oiseau de feu. Rekodi ya kwanza haikupatikana mpaka mwaka 1947, Victor de Sabata alipoipiga na okestra ya Santa Cecilia mjini Roma, na ni kizazi cha Boulez na Karlheinz Stockhausen kilichoitangaza kuwa moja ya kazi kuu za karne. Boulez aliirekodi mwaka 1966 akiwa na New Philharmonia ya London. De Sabata, mtu wa opera, anauendesha utunzi huo kama tukio lenye watu ndani yake, anakimbilia mbele pale vijana wanapokaribiana na kusita pale wanaposhtuka. Boulez anaupanga kama kitambaa ambacho kila uzi unaonekana. Wahakiki wengi wamempa Boulez nafasi ya juu, wakitaja uwazi wa sauti na uaminifu kwa nota. Hata hivyo nota za Jeux zimejaa maelekezo ya tukio, yanayosema ni wakati gani mpira unaanguka, nani anajificha na nani anatoka, na kwa anayezisoma maelekezo hayo pamoja na muziki, rekodi ya Roma, pamoja na ukungu wa maikrofoni yake, ndiyo inayoyatii zaidi.